Mlima, Mzigo na Seli ya Msuli

Mji wa Same uko kwenye tambarare kavu, kati ya meta 800 na 900 juu ya usawa wa bahari. Kusini-mashariki yake huinuka Milima ya Upare Kusini, ambayo kilele chake cha juu, Shengena, kina kimo cha meta 2,462. Kwenye miteremko ya milima hiyo viko vijiji vya Mbaga, Suji, Chome, Mamba na vinginevyo, na maisha ya wakazi wake ni kupanda na kushuka. Hujitwika kuni, maji, mikungu ya ndizi, majani ya ng'ombe na, huko Mamba, magunia ya tangawizi. Magari hufika sehemu nyingi siku hizi, lakini kutoka shambani hadi barabarani mzigo bado hupita kichwani au begani.

Tumchukue mwanafunzi wa sekondari aliyekulia mjini Same, mwenye uzito wa kilo 50. Wakati wa likizo anateremka kwenye basi pale Makanya, anajitwika kilo 20 za mchele, na kupanda kwa miguu hadi Suji kumsalimu bibi yake. Anapopanda moyo unamdunda, anahema, na jasho linamtiririka. Baada ya siku mbili anashuka kwa njia ile ile akiwa na mzigo wa ndizi wenye uzito ule ule. Safari ya kushuka anaiona nyepesi. Njiani anapiga hata mluzi. Lakini asubuhi ya pili baada ya kushuka hawezi kuketi bila kushika meza. Mapaja yamekakamaa, na kila ngazi ya bweni anaiteremka kinyumenyume. Bibi yake, ambaye alimsindikiza hadi nusu ya njia na mzigo wake mwenyewe kichwani, kisha akarudi juu, asubuhi hiyo hiyo yumo shambani analima.

Hapo pana mafumbo mawili. Kwa nini sehemu iliyokuwa nyepesi ndiyo iliyoleta maumivu? Na kwa nini bibi, ambaye umri wake ni mara nne ya umri wa mjukuu, hakuumia? Majibu ya mafumbo hayo hayapatikani kwa kuutazama mguu kwa nje. Yamo ndani ya seli ya msuli, na ndiyo hayo hayo yanayoeleza jinsi msuli unavyokua mtu anapoinua vitu vizito.

Uzi mmoja wa msuli

Msuli wa mbele wa paja umeundwa kwa maelfu mengi ya nyuzi zilizolala sambamba. Kila uzi ni seli moja, lakini ni seli ya ajabu. Unene wake ni kati ya sehemu 10 na 100 za elfu za milimeta, ilhali urefu wake huweza kufika sentimeta kadhaa. Tena haina kiini kimoja kama seli zinazochorwa katika vitabu vya kidato cha kwanza. Ina mamia ya viini vilivyopangwa chini ya utando wake. Sababu ni kwamba uzi huo huundwa kabla ya mtoto kuzaliwa kwa seli nyingi ndogo kuungana na kuwa seli moja. Kila kiini huangalia eneo lake na kutoa maagizo ya kutengeneza protini za eneo hilo.

Ndani ya uzi mna vijiuzi vyembamba zaidi, na kila kijiuzi kimegawanyika katika vyumba vifupi vilivyofuatana kama mabehewa ya garimoshi. Chumba kimoja huitwa sakomia. Urefu wake ni sehemu 2 hadi 3 za elfu za milimeta, kwa hiyo uzi wenye urefu wa sentimeta 10 una sakomia zipatazo 40,000 katika mstari mmoja. Katika kila sakomia mna aina mbili za nyuzinyuzi za protini: nyembamba za aktini, zilizoshikiliwa na kuta za sakomia, na nene za miosini, zilizokaa katikati. Miosini ina vichwa vidogo vinavyoshika aktini, kuivuta, kuiachia na kuishika tena mbele kidogo, kama watu wanaovuta kamba kwa mikono miwili. Kila kichwa, ili kiachie na kuvuta tena, hutumia molekuli moja ya ATP, ambayo ndiyo sarafu ya nishati ndani ya seli. Nadharia hii ya kuteleza kwa nyuzinyuzi ilitolewa mwaka 1954 na makundi mawili yaliyofanya kazi mbalimbali: Andrew Huxley na Rolf Niedergerke kwa upande mmoja, Hugh Huxley na Jean Hanson kwa upande mwingine. (Akina Huxley hao wawili hawakuwa ndugu, jambo ambalo limewachanganya wanafunzi tangu wakati huo.)

Kupanda na kushuka si kitu kimoja

Mwanafunzi wetu anapopanda, msuli wa mbele wa paja hujikaza huku ukifupika: goti lililokunjwa hunyooka na mwili huinuliwa. Huu tuuite mkazo wa kufupika. Anaposhuka, msuli ule ule hujikaza tena, kwani usipojikaza goti litakunjika na atabingirika na ndizi zake. Lakini safari hii unarefuka wakati unajikaza. Goti hukunjika polepole chini ya uzito, na msuli unafanya kazi ya breki. Huu ni mkazo wa kurefuka.

Tuseme Suji iko juu ya mahali alipoanzia kwa meta 800. Mwili na mzigo wake ni kilo 70. Kwa kutumia mvuto wa dunia wa nyutoni 10 kwa kila kilo, kazi iliyofanywa katika kupanda ni 70 × 10 × 800, yaani jouli 560,000. Msuli hugeuza karibu robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi. Iliyobaki huwa joto. Kwa hiyo anahitaji takriban jouli 2,240,000, ambazo ni nishati ya gramu 150 hivi za unga wa mahindi. Haishangazi kwamba alihema. Katika kushuka, jouli 560,000 zile zile zinapaswa kumezwa na miguu yake na kutoka kama joto, lakini gharama ya oksijeni ni ndogo mno.

Tofauti hiyo ilionyeshwa waziwazi mwaka 1952 na Abbott, Bigland na Ritchie huko Uingereza. Walifunga baiskeli mbili kwa kuzipa migongo na kuziunganisha kwa mnyororo mmoja. Mtu mmoja alikanyaga pedali kwenda mbele. Mwenziwe alizipinga zisimzungukie. Kani ilikuwa ile ile kwa wote wawili, lakini aliyekanyaga alitumia oksijeni mara kadhaa zaidi ya aliyepinga. Katika maonyesho ya Royal Society mjini London, mwanamke mwenye umbo dogo alimpinga mwanamume mkubwa hadi mwanamume akachoka, na yeye mwanamke hakuonyesha taabu yoyote. Watazamaji walicheka, kwa furaha ya watu wanaoiona sheria ya fizikia ikicheza mbele yao.

Sababu imo katika vile vichwa vya miosini. Msuli unaporefushwa kwa nguvu, vichwa vingi havipati nafasi ya kuachia kwa kutumia ATP. Hung'olewa tu na mvuto, kisha hushika tena. Nishati haitumiki sana, lakini kila kichwa hubeba kani kubwa kuliko kinapovuta chenyewe. Kwa kuwa kila uzi una uwezo mkubwa zaidi wakati wa kurefuka, ubongo huita nyuzi chache kwa mzigo ule ule. Nyuzi hizo chache ndizo zinazobeba yote. Kwa hiyo mapafu ya mwanafunzi yalimwambia kwamba kushuka ni kazi ndogo, na mapafu yalisema kweli kuhusu oksijeni. Kuhusu mvuto ndani ya kila uzi, mapafu hayana habari.

Maumivu ya siku ya pili

Wengi wamefundishwa kwamba maumivu hayo huletwa na asidi ya lakti iliyobaki katika misuli. Maelezo haya bado yanasikika viwanjani, na hata katika baadhi ya madarasa, lakini hayawezi kuwa sahihi. Kwanza, lakti inayozalishwa wakati wa kazi nzito huondolewa katika damu kwa muda wa saa moja hivi au mbili, ilhali maumivu haya huanza baada ya saa nyingi na kufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Pili, kama lakti ingekuwa ndiyo sababu, kupanda kungeuma kuliko kushuka. Mwaka 1983 Schwane na wenzake huko Marekani waliwapima watu waliokimbia kwenye usawa na waliokimbia kwenye mteremko. Kukimbia kwenye usawa kulipandisha lakti bila kuleta maumivu ya baadaye. Kukimbia kwenye mteremko kulileta maumivu bila kupandisha lakti. Ni nadra hoja kukatwa kwa usafi namna hiyo.

Kinachoonekana chini ya hadubini ya elektroni ni kitu kingine. Mwaka 1981 Fridén, Sjöström na Ekblom huko Sweden walichukua vipande vidogo vya misuli ya watu walioteremka ngazi mara nyingi. Katika nyuzi za watu hao, kuta za baadhi ya sakomia zilikuwa zimepinda, kutanuka au kukatika. Sakomia zote katika mstari hazina nguvu sawa; zilizo dhaifu hurefuka kupita kiasi kabla ya nyingine, na nyuzinyuzi zao hupoteza kushikana. Utando wa seli nao huweza kuvuja, kalsiamu ikaingia na vimeng'enya vya kuvunja protini vikaamka. Baadaye huja seli nyeupe za damu, uvimbe mdogo na kemikali zinazochokoza ncha za mishipa ya fahamu. Hatua hizo zinahitaji muda, na ndiyo maana maumivu huchelewa.

Kisha huja ukarabati. Pembeni mwa kila uzi wa msuli, kati ya utando wa seli na ganda la nje, zimelala seli ndogo ambazo Alexander Mauro alizigundua mwaka 1961 katika msuli wa chura. Aliziita satelaiti kwa sababu ya jinsi zilivyoambatana na ukingo wa uzi. Hapa tutaziita seli za akiba. Katika msuli uliotulia hazifanyi kazi yoyote inayoonekana. Uzi ukijeruhiwa au ukibebeshwa mzigo usio wa kawaida, seli hizi huamka, hugawanyika, na nyingi kati yao hujiunga na uzi, zikiuachia viini vyao. Wapare wanaujua utaratibu wa msaragambo: mfereji ukibomoka watu huitwa, na kila kaya hutoa mtu na jembe lake. Seli za akiba zinafanana na watu hao kwa jambo moja na kutofautiana nao kwa jingine. Huitwa kama wao, lakini jioni hazirudi nyumbani. Hubaki na kuwa sehemu ya mfereji.

Sasa fumbo la bibi linaanza kufunguka. Msuli ulioshuka mlima mara moja haubaki kama ulivyokuwa. Mtu akirudia kazi ile ile baada ya wiki moja au mbili, maumivu huwa madogo sana, na kinga hiyo huweza kudumu kwa wiki nyingi. Mabadiliko mengine hutokea katika mishipa ya fahamu, mengine katika tishu zinazoshikilia nyuzi, na mengine ndani ya uzi wenyewe. Mwaka 1994 Lynn na Morgan walionyesha kwamba panya waliozoezwa kukimbia kwenye mteremko walikuwa na sakomia nyingi zaidi katika mstari wa kila uzi kuliko panya waliozoezwa kukimbia kwenye mpando. Garimoshi lenye mabehewa mengi zaidi likivutwa kwa urefu ule ule, kila behewa huvutwa kidogo. Mapaja ya bibi yamekuwa yakishuka mlima tangu utotoni mwake. Yamejengwa kwa ajili ya mlima huo.

Mzigo unavyogeuka kuwa protini

Hata hivyo ukarabati si sawa na ukuaji, na hapa ndipo vijana wengi wanaoinua vyuma, au makopo yaliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba, hukosea. Wanadhani msuli hukua kwa kuraruliwa, na kwamba maumivu ni risiti ya kazi. Utafiti wa siku za karibuni hauungi mkono wazo hilo. Mwaka 2016 Damas na wenzake, nchini Brazil, walifuatilia vijana wasio na mazoea kwa wiki kadhaa za mazoezi ya uzito. Mwanzoni, majeraha yalipokuwa mengi, utengenezaji wa protini ulipanda sana, lakini ulikwenda kuziba majeraha. Unene wa nyuzi ulianza kuendana na utengenezaji wa protini baadaye tu, majeraha yalipopungua. Jeraha ni gharama ya ugeni wa kazi. Kinachoukuza msuli ni mvuto.

Mvuto huo unafahamikaje ndani ya seli? Kwenye utando wa uzi kuna protini zinazoiunganisha mifupa ya ndani ya seli na ganda lake la nje. Mvuto ukipita hapo, umbo la protini hizo hubadilika kidogo na ujumbe wa kikemikali hupita kutoka moja hadi nyingine. Wataalamu bado wanabishana ni ipi kati yake inayosikia kwanza, lakini ujumbe mwingi huishia kwenye kimeng'enya kimoja kiitwacho mTOR. Historia yake inatoka mbali. Msafara wa wanasayansi uliofika kisiwa cha Rapa Nui katika bahari ya Pasifiki mwaka 1964 ulichukua udongo, na ndani ya udongo huo walipatikana bakteria wanaotengeneza dawa iliyopewa jina la rapamisini, kutokana na jina la kisiwa. Dawa hiyo huzima mTOR. Mwaka 2009 Drummond na wenzake waliwapa watu rapamisini kabla ya kuinua vitu vizito, na ongezeko la utengenezaji wa protini ambalo kwa kawaida hufuata mazoezi halikutokea. Mzigo uliinuliwa, jasho lilitoka, lakini agizo halikufika.

mTOR ikiamka, ribosomu husoma RNA mjumbe kwa kasi zaidi na kuunganisha asidi amino kuwa aktini, miosini na protini nyingine. Vijiuzi vipya huongezwa kando ya vya zamani, na uzi hunenepa. Katika binadamu idadi ya nyuzi haibadiliki sana. Karibu ukuaji wote hutokana na kila uzi kuwa mnene zaidi. Uzi unaoendelea kunenepa unahitaji viini zaidi vya kuusimamia, na hivyo hutolewa na zile seli za akiba.

Lakini protini hazijengwi tu. Kila siku huvunjwa pia. Katika msuli wa mtu mzima, asilimia 1 hadi 2 ya protini hubomolewa na kujengwa upya kila siku. Mwanafunzi wa Upare anaweza kuufikiria msuli kama ndiva, yaani bwawa linalojazwa maji ya mfereji usiku na kufunguliwa mchana kwa kumwagilia mashamba. Kina cha maji hakitegemei mfereji peke yake, wala tundu la kutolea peke yake, bali tofauti kati ya hayo mawili. Zoezi la uzito hupanua mfereji kwa saa 24 hadi 48; chakula chenye protini huleta maji yenyewe; njaa na ugonjwa hupanua tundu. Mtu afanyaye mazoezi makali huku akila mlo mmoja kwa siku amepanua mfereji usio na maji.

Ukuaji huu ni wa polepole kuliko vijana wanavyotumaini. Mtu asiye na mazoea huongeza nguvu katika wiki za kwanza, lakini nguvu hiyo hutoka zaidi kwenye mishipa ya fahamu: ubongo hujifunza kuita nyuzi nyingi kwa wakati mmoja. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake mjini Boston waliwafanyisha mazoezi ya uzito, kwa wiki 8, wazee wenye umri wa karibu miaka 90. Nguvu za miguu yao zilizidi maradufu, ilhali eneo la msuli wa paja liliongezeka kwa asilimia 9 hivi tu. Wazee hao walikuwa wameanza wakiwa dhaifu sana, na matokeo yao yalionyesha pia kwamba seli ya msuli haisahau kuitika hata katika umri huo.

Kwa nini wabebaji si wanyanyua vyuma

Ikiwa mvuto hukuza misuli, mtu anaweza kuuliza kwa nini akina mama wanaoshusha tangawizi kila wiki hawana mapaja kama ya wanyanyua vyuma wa Olimpiki. Swali hili ni zuri. Jibu la kwanza ni kwamba seli huitikia kile kinachozidi mazoea yake. Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani aliyewatibu askari waliojeruhiwa, alilieleza jambo hilo mwaka 1945: uzito lazima uongezwe kila msuli unapopata nguvu. Mzigo wa kuni hauongezeki mwaka hadi mwaka. Ni uleule ambao kichwa na njia vinaweza kuuchukua. Msuli hukua hadi kuutosha mzigo, kisha husimama. Jibu la pili ni kwamba mbebaji hupiga hatua maelfu kwa mzigo wa kadiri, na si mara 10 kwa mzigo unaokaribia kikomo chake. Hatua hizo maelfu hukuza zaidi mitokondria na mishipa midogo ya damu. (Uzito mdogo unaweza pia kukuza misuli, kama Mitchell na wenzake walivyoonyesha nchini Kanada mwaka 2012, lakini kwa sharti kwamba uinuliwe hadi msuli ushindwe kabisa. Hakuna mama mwenye busara atakayebeba kuni hadi ashindwe katikati ya mteremko.)

Jibu la tatu lilitoka jirani. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walipima oksijeni iliyotumiwa na wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu wakitembea na mizigo kwenye usawa. Hadi mzigo ulipofika asilimia 20 ya uzito wa mwili, hapakuwa na ongezeko lolote la matumizi ya nishati. Uchunguzi wa mwaka 1995 ulionyesha kwamba wanawake hao huhifadhi sehemu kubwa zaidi ya nishati ya kila hatua na kuihamishia katika hatua inayofuata, kama timazi la saa. Ustadi huo huipunguzia misuli kazi. Mnyanyua vyuma hutafuta njia ya kuutaabisha msuli. Mbebaji stadi hutafuta njia ya kuunusuru.

Makande, usingizi na mkojo mweusi

Asidi amino za kujengea msuli hutoka katika chakula, na si lazima zitoke katika makopo ya unga yanayouzwa mijini kwa bei ya mbuzi. Mahindi yana upungufu wa lisini. Maharage yanayo kwa wingi. Maharage yana upungufu wa methionini, mahindi huisaidia. Makande, chakula cha kila siku cha Upare, hukutanisha hivyo viwili katika chungu kimoja. Gramu 150 za mahindi makavu na 100 za maharage makavu hutoa takriban gramu 35 za protini. Kijana wa kilo 50 afanyaye mazoezi ya uzito anahitaji kati ya gramu 60 na 80 kwa siku. Maziwa, mayai au dagaa wa mlo mwingine hukamilisha hesabu. Vidonge vya homoni ni jambo jingine kabisa. Huongeza misuli kweli, na pia hunyong'onyeza korodani, huharibu ini na kuuathiri moyo.

Mwalimu wa michezo anapaswa kuijua hatari moja zaidi. Kijana asiye na mazoea akilazimishwa kufanya kazi nyingi ya kurefusha misuli kwa siku moja, kwa mfano kuchuchumaa na kuinuka mara mia kadhaa kama adhabu, nyuzi nyingi huweza kupasuka kwa pamoja. Protini nyekundu ya misuli, mioglobini, humwagika katika damu na kuziba figo. Dalili yake ni mkojo wenye rangi ya chai ya rangi au nyeusi zaidi, pamoja na maumivu makali na uvimbe. Mwanafunzi wa namna hiyo hapaswi kuambiwa avumilie. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Jaribio la darasani

Fumbo la mwanafunzi wa Suji linaweza kuchunguzwa bila mlima. Mwaka 1983 Newham na wenzake walitumia ngazi moja tu. Kinachohitajika ni benchi imara lenye kimo cha sentimeta 30 hadi 40 na saa. Mwanafunzi mwenye afya nzuri, aliyekubali kwa hiari, aweke mguu wa kulia juu ya benchi, ajiinue kwa mguu huo, na kuleta wa kushoto juu. Anaposhuka, atangulize mguu wa kulia chini, polepole, huku wa kushoto ukibaki benchini na kumshusha. Kwa utaratibu huo paja la kulia litapanda daima, na paja la kushoto litashuka daima, kwa uzito mmoja na idadi moja ya hatua. Dakika 5 zinatosha, asizidishe. Pale pale baada ya zoezi aulizwe ni mguu upi uliochoka zaidi. Kisha kwa siku 3 mfululizo, kila asubuhi, aandike maumivu ya kila paja kwa alama kutoka 0 hadi 10.

Darasa lichore grafu mbili kwenye karatasi moja, ya kulia na ya kushoto. Baada ya wiki mbili wanafunzi wale wale warudie zoezi lile lile bila kubadilisha miguu, na grafu mpya ichorwe juu ya ile ya kwanza. Kabla ya kuilinganisha, kila mwanafunzi aandike ni mstari upi anaotarajia utakuwa umeshuka, na aeleze kwa kutaja sakomia.